Mama Mkwe, Mimi na Breki Iliyolia

Tangu nirudi Migwani, hakuna aliyeniuliza habari za mvua wala za mito. Mnaniuliza jambo moja tu, tena huku mkicheka: "Daktari, ni kweli ulimbeba mama mkwe wako kwa pikipiki?"

Ni kweli. Na kwa kuwa kila mmoja wenu amesikia kipande chake, na vipande vingine havitoki kwangu, nimeonelea niandike yote. Atakayetaka kucheka acheke, lakini afike mwisho kwanza.

Migwani

Mnajua kwamba mke wangu Ndinda anafundisha shule ya msingi kule Kathonzweni, nami niko huku na ng'ombe wenu na majosho yenu. Mnajua pia kwamba tumezika mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imefika mbali kuliko zote. Kisha utingo wa basi la Machakos akaniletea ujumbe wa mdomo: Ndinda alikuwa ametokwa damu, nesi wa zahanati amemlaza, amemkataza kupanda gari lolote, na yeye mwenyewe ameomba kitu kimoja. "Amesema mumletee mama yake."

Mabasi yalikuwa yakifika Machakos tu. Kutoka hapo kwenda mji wa Wote, ulio kabla ya Kathonzweni, mto ulikuwa umeikata njia ya chini, na hakuna dereva aliyekubali kuzungukia milima ya Kilungu katika matope yale. Pikipiki yangu ingeweza. Ila pedi za breki ya mbele zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinasugua chuma, na milima ya Kilungu si mahali pa kwenda bila breki. Fundi Mutisya akazitoa, akaniwekea mpya alizoagiza Kitui.

Nilipoijaribu mbele ya kanisa, ililia. Haikuwa kelele ya kawaida. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, kama mbuzi anayeburutwa kwa sikio. Akina mama waliokuwa wakifagia kanisa walitoka nje na fagio zao.

"Pedi mpya ni kama viatu vipya," Mutisya akaniambia. "Zitalia mpaka zizoee."

"Lakini zinashika?"

"Zinashika sana. Kwani hukuona ulivyotaka kuruka usukani?"

Ya breki yakaishia hapo. Iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Kwa faida ya mtu wa kwingine atakayesoma haya, niseme kwamba sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, na ni haya vilevile. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono. Wakikutana njiani, mmoja hupisha vichakani. Kwa miaka yote tangu nimwoe Ndinda, nilikuwa naujua mgongo wa mama yake kuliko uso wake. Mtu kama huyo nimpakie nyuma yangu, tugusane, siku mbili tatu!

Nilimweleza baba mkwe nikiwa nje ya ua. Mama alikuwa ndani ya nyumba akisikia. Sauti yake ikatoka dirishani, akimwambia mumewe kana kwamba mimi sipo: "Muulize huyo mtu, hakuna lori?"

"Hakuna lori," nilijibu, nikimtazama kuku.

Mzee akasimama. Yeye si mtu wa maneno. Aliingia ndani, akatoka na blanketi, akalikunja mara kadhaa, akalifunga kwa kamba katikati ya kiti cha pikipiki kama ukuta.

"Nthoni haijawahi kumpokea mtoto," alisema. "Nendeni."

Kitui hadi Wamunyu

Mama alipanda kwa kukaa upande, kikapu mapajani, mikono yake imeshika chuma cha kereya, kile cha kufungia mizigo nyuma. Hakunigusa. Kitambaa chake cha kanisa kilikuwa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Tukapita Kitui mjini asubuhi, na kila nilipogusa breki, soko zima liligeuka. Mwanzoni nilitaka ardhi ipasuke. Mtu anayebeba mama mkwe wake angependa kupita kimya kimya, apitie nyuma ya maduka. Sisi tulikuwa na king'ora.

Tuliongea kwa namna yetu. Mama hakunisemesha mimi. Alisema na upepo. "Mtu akipata kivuli, mtu anaweza kusimama." Nami nikasimama. Au: "Kuna watu wanaendesha kama wanafukuzwa." Nami nikapunguza. Nikitaka kumwambia jambo, nililielekeza kwenye usukani. Baada ya Kwa Vonza tulikuwa tumeuzoea mtindo huo, na niliona kwamba ni rahisi kuongea na mtu ambaye huruhusiwi kumtazama. Pikipiki na nthoni hazikosani sana, ukifikiri. Nyote wawili mnatazama mbele.

Tulivuka daraja la Athi, maji mekundu yakipita chini yamebeba matawi. Kabla ya Wamunyu tukakuta kundi kubwa la mbuzi likivuka barabara. Nikabana breki. Wale mbuzi walisikia sauti ya mwenzao anayekufa, wakatawanyika pande zote, wengine wakaingia shamba la mahindi.

Mwenye mbuzi alitujia mbio, fimbo juu. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, kofia nyeupe kichwani, kikoi kimefungwa juu ya magoti. Jina lake Abdi.

"Wewe! Hiyo pikipiki umechinja nini ndani yake?"

Nilishuka nikaomba radhi, nikamsaidia kukusanya. Hiyo ndiyo kazi yangu, na mbuzi hunielewa. Tulipomaliza, jua lilikuwa limeelekea magharibi, na Abdi alikuwa ameona kwamba najua kumshika mnyama. Hasira zikamwisha. Wachungaji wake walikuwa wamewasha moto chini ya mgunga. Akatukaribisha chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi, na anjera walizozibeba, ile mikate yao laini kama chapati za maji.

Mama alichukua kikombe chake, akazunguka upande wa pili wa mgunga, akakaa akiwa ametugeuzia mgongo. Abdi alimtazama, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "mama yako amekukasirikia. Umemfanya nini?"

"Hajakasirika. Tena si mama yangu. Ni mama wa mke wangu. Desturi yetu hatuli pamoja."

"Hamli pamoja, lakini unambeba kwa pikipiki?"

"Mke wangu ni mgonjwa. Ana mimba."

Aliweka kikombe chini. Kisha akainua sauti ili ivuke ule mti: "Mama, Mungu amhifadhi binti yako!"

Kutoka upande wa pili sauti ikajibu, "Amina." Hilo ndilo neno la kwanza Mama alilomwambia mwanamume yeyote moja kwa moja siku ile. Niliona wivu kidogo, sikatai.

Wale mbuzi walitupotezea muda, tukalala Masii kwa watu wa kanisa: Mama ndani na wenye nyumba, mimi kwenye stoo ya mahindi.

Machakos hadi Nunguni

Asubuhi tulipita Machakos bila kukawia, tukashika njia ya Kola. Hapo ndipo nchi inapoanza kuinuka. Mvua ilitupata mlimani, ikageuza barabara kuwa ugali mbichi. Mara mbili Mama alishuka akatembea huku mimi nikisukuma. Mara ya pili nilimwona pembeni mwa jicho akiegemeza bega nyuma ya kereya, anasukuma na yeye, viatu ameviweka kikapuni. Nilijifanya sikuona, naye akajifanya hasukumi.

Nilikuwa nikiwaza sana juu ya Ndinda. Mimba ya pili ilipotoka tulikuwa wawili tu nyumbani. Ninyi mnajua ni ng'ombe wangapi nimewazalisha katika lokesheni hii. Siku ile nilisimama mlangoni na mikono yangu, nisijue niiweke wapi. Ndinda alikuwa akimwita mama yake, wala si mimi. Sikumlaumu wakati ule, na nilipokuwa nikisukuma pikipiki ile katika matope nilimwelewa zaidi.

Tulifika Nunguni jioni, tumelowa, meno yanagongana. Ninyi watu wa joto hamjui baridi ya Nunguni. Ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mgeni. Mwenyeji wetu, mjane wa kanisani anayeuza kabichi, alitupa muthokoi wa moto, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kila mtu chumba chake. Nikasikia kupitia ukutani akimuuliza Mama, "Ile kitu iliyolia ikiingia hapa ni nini? Nilidhani ni mtoto ameumia."

"Ni pikipiki ya huyo mtu," Mama alijibu. "Analia nayo tangu Migwani. Watu wanamcheka kila soko. Yeye hasemi, lakini shingo yake naiona inavyokunjika."

Nililala nikifikiria maneno hayo. Sikujua kama kuna mtu aliyekuwa akiisoma shingo yangu.

Kuteremka

Kulipokucha tukaondoka katika ukungu. Kutoka Nunguni barabara huanza kushuka mara moja, lakini mwanzoni niliitumia breki ya nyuma na gia, kwa sababu ya utelezi. Kwenye kona ya kwanza niligusa ya mbele kidogo. Kimya.

Nilifurahi! Nikasema moyoni, Mutisya alisema kweli, zimezoea. Nikauambia usukani kwa sauti, "Leo imenyamaza." Nyuma yangu nilihisi kama Mama anacheka.

Ukungu ulipofunguka nikaiona nchi yote ya chini, tambarare hadi mbali, na barabara mbele yetu ikianguka kama ngazi. Upande wa kushoto palikuwa na ukingo wa udongo, upande wa kulia hapakuwa na kitu. Nikabana breki ya mbele. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama kawaida, kila kitu kilikuwa kama kawaida, isipokuwa pikipiki haikupunguza mwendo. Nikabana kwa nguvu zote. Haikulia na haikushika. Nikakanyaga ya nyuma. Tairi likateleza, likashika, likateleza tena. Nikarudisha gia, injini ikapiga kelele, na bado tulikuwa tunaongeza kasi kuelekea kona.

"Mama, shika!" nilipiga kelele.

Sikuuambia usukani. Nilimwambia yeye. Naye aliachia kereya, akapitisha mikono yote miwili kiunoni mwangu, akafunga vidole tumboni kwangu kama mkanda, kichwa chake kwenye mgongo wangu, blanketi liwepo lisiwepo. Nilisikia akiomba kwa Kikamba.

Kona ilikuwa mbele kidogo. Nikaona pengo katika ule ukingo wa kushoto, njia ya mtu kuingia shambani. Nikaielekeza pikipiki hapo. Tuliruka mtaro wa kwanza wa kuzuia maji, tukapasua nduma za watu, yale magimbi ya majani mapana, na kwenye mtaro wa pili gurudumu la mbele likazama, nasi tukatupwa kwenye matope.

Nilipoinua kichwa, nilikuwa nimeng'ang'ania jani la nduma. Bega langu liliwaka moto. Mama alikuwa amekaa kitako katika maji, kitambaa kimemtoka, mvi zake zote nje, goti linatoka damu. Alikuwa ananitazama usoni.

"Umeumia?" aliniuliza.

"Bega. Na wewe, Mama?"

"Goti." Akakivuta kikapu chake karibu. "Ni mimi, Daktari. Ni mimi nimefanya hivi."

Sikumwelewa. Nilidhani ni mshtuko, au anafikiri tumeadhibiwa kwa kuvunja nthoni, maana hata mimi fikra hiyo ilinipitia. Lakini aliingiza mkono kikapuni, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya mbarika, yale tunayompaka mtoto mchanga. Alikuwa amemchukulia mjukuu wake. Asubuhi, mimi nikiwa bado nimelala, alikuwa ameamka, akachovya kitambaa, akakipaka mafuta kile chuma cha duara kinachobanwa na breki kwenye gurudumu la mbele, pande zote mbili, akahakikisha mafuta yameingia hadi ndani.

"Mlango ukilia, unaupaka mafuta," alisema. "Cherehani ikilia, unaipaka mafuta. Nilitaka usichekwe tena."

Rafiki zangu, nimewahi kukasirika maishani. Pale nilikuwa na haki ya kukasirika, na nilitafuta hasira nikaikosa. Nilimwona mwanamke mzima akichuchumaa katika ukungu wa Nunguni na kitambaa, akifanya kwa siri wema ambao desturi haikumruhusu kuufanya mchana.

"Breki hushika kwa kusugua, Mama," nilimwambia polepole. "Ikipakwa mafuta haisugui. Hukujua."

"Ningekuua. Na Ndinda angebaki bila mimi na bila wewe."

"Tuko hai."

Ndipo akalia, kwa sauti, naye hakufunika uso.

Mwenye shamba alishuka mbio, mama mmoja mnene mwenye jembe mkononi. Nilijiandaa kwa matusi ya nduma zake. Akasimama, akatutazama, akaliangusha jembe.

"Aiya! Mama, shukuru Mungu. Wewe na mwanao mmepona!"

Nikafungua mdomo nimsahihishe, kwa sababu ya adabu. Mama akaniwahi.

"Namshukuru," alisema. "Nisaidie nimwinue mwanangu, bega lake limeumia."

Wakaniinua, mmoja kila upande.

Yule mama alitupikia nduma zilezile tulizozing'oa, na chai. Tulikula kando ya moto mmoja. Halafu nikatoa pedi, nikaziosha kwa petroli niliyoitoa kwenye mrija wa kabureta, nikazisugua juu ya jiwe mpaka uso wake ukawa mpya, nikakisafisha kile chuma mara nyingi kwa kitambaa na sabuni. Mama ndiye aliyekuwa akinishikia spana. Niliisukuma pikipiki kidogo kwenye mteremko mdogo, nikabana. Ililia mpaka mbwa wa shamba wakajibu.

"Iache ilie," Mama alisema.

Wote na Kathonzweni

Tukateremka hadi chini. Usukani ulikuwa umepinda, bega linauma, na kila kona pedi zilipiga mayowe hadi ng'ambo ya bonde. Kule Wote, fundi wa gereji aliunyosha usukani, akafungua breki, akasema kuna kibati chembamba ambacho hukaa nyuma ya pedi na kwamba chetu hakikurudishwa zilipobadilishwa. Hakuwa nacho. Mutisya, ukisoma haya, kitafute kwenye meza yako.

Katikati ya Wote na Kathonzweni mto mmoja ulikuwa bado umejaa. Tulikaa ukingoni nusu siku pamoja na watu wengine, tukila maembe, tukitazama maji yakishuka kidogo kidogo kwenye jiwe ambalo kila mtu alikuwa amelichagua kuwa kipimo chake. Wanaume wanne waliibeba pikipiki juu ya mabega. Mama alivuka kwa miguu akiwa amenishika mkono, na alinieleza, mimi, si upepo, jinsi Ndinda alivyozaliwa: miguu ikitangulia, wakati wa njaa, mkunga akiwa mbali.

"Sikuwa na mtu," alisema. "Ndiyo maana nilipanda pikipiki."

Zahanati ya Kathonzweni ni nyumba ya mabati yenye varanda. Ndinda alikuwa kitanda cha mwisho, upande wa miguu umeinuliwa kwa matofali. Alipomwona mama yake mlangoni, na matope, na goti lililofungwa kitambaa, alisema, "Mwaitu, mama yangu, umekuja na nini?"

"Na mume wako," Mama akasema, kisha akaomba maji ya kunawa mikono.

Nilikaa Kathonzweni kuliko ruhusa niliyokuwa nayo. Mkubwa wangu ameshaniambia yake. Kila siku niliketi varandani nikisikia sauti zao ndani, moja nene, moja nyembamba, wakizungumza mambo ambayo sikuhitaji kuyasikia. Damu ilirudi mara moja, ikakoma. Nesi alianza kutabasamu, kisha akaacha, kisha akaanza tena. Nilijifunza kutomtazama nesi.

Uchungu ulianza mchana mmoja, mvua ikipiga mabati hivi kwamba sikusikia lolote. Niliona tu mlango ukifunguka na kufungwa, beseni likiingia, beseni likitoka. Nilisimama mlangoni kama ile siku nyingine. Nikafikiri, nikiitwa sitasikia. Na wasiponiita, nitajuaje?

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mama, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni, amebeba kitu ndani ya shuka ya zahanati. Nilimtazama uso kwanza, maana sasa niliweza, na usoni pake nikaona kwamba Ndinda ni mzima.

"Ni msichana," alisema. "Nyosha mikono."

Nilisita. Alinisogelea, akamweka mtoto mikononi mwangu, na viganja vyake vikabaki chini ya vyangu.

"Shika kichwa vizuri," aliniambia. "Hivyo. Sasa nimekuachia."